Jina Nililolitaja Bombani

Siku yangu ya mwisho kazini nilirudisha fulana mbili, kitambulisho, begi la mgongoni na saa ya mkononi. Saa hawakuipokea. Walisema haimo kwenye orodha ya vifaa, kwa hiyo ninayo mpaka leo. Ninyi vijana mliobaki mkaniambia, "Mama Rukia, tuandikie basi, usiondoke na vyote kichwani." Ninaandika. Sitaandika nilipandishwa cheo lini, kwa sababu hilo halikutokea. Nitaandika kazi ilivyokuwa, na zaidi nitaandika kosa moja nililolifanya, maana ninyi bado mnapita nyumba kwa nyumba na mnaweza kulifanya kesho kabla ya saa nne asubuhi.

Majina yote nimeyabadili. Bairo lenyewe, yaani mtaa, silitaji. Mkifika katikati mtaelewa kwa nini.

Nilianza kama mfagiaji katika kituo cha afya, Mocímboa da Praia. Shule niliishia darasa la tano. Chumba cha mwisho upande wa nyuma kilikuwa cha tekniko, tabibu wa magonjwa ya akili, Mmakua wa Nampula, mtu wa maneno machache. Hapa nitamwita Ernesto. Wagonjwa wake hawakuwa wengi. Watu walikiita chumba cha vichaa, na mtu akionekana ametoka mle, posa ya dada yake huvunjika. Mimi chumba kile nilikifagia polepole kuliko vyote, kwa sababu kilikuwa na mabango ukutani na nilitaka kuyasoma. Kireno changu kilikuwa cha sokoni. Nikapata kamusi kuukuu iliyochanika mwanzoni, imekosa herufi A, B na C, na kwa miaka miwili maneno yote ya herufi hizo niliyakisia tu. Neno la Kireno la wasiwasi linaanza na A. Nililijua kwa kuuona wasiwasi wenyewe kwa watu kabla ya kuliona kwenye kitabu, na sioni kama nilipungukiwa.

Siku moja mkalimani hakuja, Ernesto akaniita na ufagio wangu mkononi. Mbele yake alikaa mwanamke kutoka Diaca, na mtoto wa miaka minane aliyeungua mkono. Mtoto alikuwa ameangukia jikoni.

"Muulize yanaanzaje," akasema Ernesto.

Nikauliza. Mwanamke akajibu, "Anapandwa na jini. Linamwangusha, linampigisha miguu chini, kisha linamwacha kama mtu aliyetoka kulima."

Nikamwambia Ernesto: anasema mtoto ana ugonjwa wa kuanguka.

Ernesto alikuwa na masikio, ingawa Kiswahili hakukijua. "Yeye kasema maneno mengi, wewe umeniletea machache. Usiniletee unachodhani nakitaka. Niletee alichokisema."

Hilo ndilo somo langu la kwanza la kazi hii, na nililipokea nimesimama. Nikarudia yote, pamoja na jini. Ernesto hakucheka. Akaandika, akamweleza mama kwamba anachokieleza ni kifafa, kwamba kina vidonge, kwamba vidonge hunywewa kila siku na kuviacha ghafla ni hatari. Na mwalimu wa madrasa akitaka kumwandikia kombe anywe, ni sawa, mradi kombe lisichukue nafasi ya kidonge.

Mtoto yule aliitwa Swalehe. Alikuwa kifungua mimba, kwa hiyo mama yake aliitwa Mama Swalehe. Alikuja kila mwezi kwa chapa, gari la abiria, wakati mwingine na muhogo wa kutugawia. Kuanguka kukapungua kutoka kila wiki hadi mara moja kwa msimu. Jina lake mwenyewe sikulijua kamwe. Kwetu ukiwa mwanamke mzima huulizwi jina lako. Unaitwa kwa mtoto wako wa kwanza, na anayekuita hivyo amekuheshimu wewe, mtoto na nyumba yako kwa neno moja.

Baadaye walipotafuta ativista wa kupita majumbani kwa ajili ya vijana wenye matatizo ya akili na familia zao, Ernesto alipeleka jina langu. Siku ya kwanza nilisimama nje ya ua mmoja nikapiga hodi mara tatu, hakuna aliyeitika, na nilifurahi sana, maana sikujua ningesema nini. Mara ya pili walinikaribisha, nikazungumza peke yangu robo saa nzima juu ya umuhimu wa mazungumzo. Bibi wa nyumba akaniambia, "Mwanangu, kunywa maji."

Ernesto alinifundisha maswali matatu, na sijapata mengine yaliyo bora. Kijana analalaje. Anakulaje. Anamkwepa nani. Usianze na "nini kilikupata"; mtu akitaka kukuambia atakuambia mwenyewe, asipotaka utakuwa umemrudisha kulekule alikotoka. Na kaderno langu, daftari la kazi, lisiwe na jina hata moja. Kila mtu ana namba, na kila nyumba alama ninayoijua mimi tu. "Siku moja," alisema, "kaderno hili litasomwa na mtu usiyemjua." Wakati ule niliona anazidisha. Nilifuata kwa sababu napenda utaratibu.

Kisha wale wakaja kutoka msituni na silaha. Nawaita "wale" kama tulivyowaita wakati huo, kwa sababu kulikuwa na watu walioamini kuwa kulitaja jina lao ni kuwaonyesha njia. Mocímboa tuliikimbia. Palma tukapokewa, Palma nayo tukaikimbia, kisha tukarudi. Ernesto naye akaletwa Palma, tukapewa chumba kimoja na benchi moja nje. Wagonjwa hawakuwa wachache tena. Msichana aliyelala na viatu miezi sita. Kijana aliyekuwa akihesabu watu kila wanapokaa kula, na idadi isipolingana na ya jana hawezi kumeza. Watoto waliojikojolea pikipiki inapotoa mlipuko. Chumba cha vichaa kikawa chumba cha kila mtu, na hakuna posa iliyovunjika kwa ajili hiyo, kwa kuwa hakuna nyumba iliyobaki bila mtu wa kuleta.

Lazima niwaeleze hofu ya miaka hii. Ilianza baadhi yenu mkiwa wadogo, na wengine mmeshaanza kuisahau, jambo ambalo ni jema kwenu lakini si jema kwa kazi. Hofu ile haikupiga kelele. Ilikuwa inauliza. Wewe ni wa wapi, umekuja na nani, mbona nyumbani kwenu wamepika chungu kikubwa leo. Kila bairo lilikuwa na orodha ya wakazi mikononi mwa shefe, mkuu wake, na mgeni asiyekuwemo alikuwa jambo la kuripoti. Kijana aliyechukuliwa na wale kisha akatoroka akarudi, alikuwa na watu wa aina tatu wa kuwaogopa: askari, ambao wangetaka kujua alifanya nini huko, majirani, na wale wenyewe aliowakimbia. Mara nyingi alikuwa na wa nne, naye ni yeye mwenyewe.

Kwa sababu hiyo tulikuwa na sheria, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha: ukikutana na mtu wa familia tunayoihudumia njiani au sokoni, usimwanze. Mwache akuanze yeye, au akupite.

Siku ya kosa ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, kwenye bomba la maji la bairo nililokuwa nimepangiwa mwezi ule. Ndoo zilikuwa kwenye foleni, wanawake wapatao wanane. Mmoja wao alikuwa anapampu. Alisimama kwa mguu mmoja, wa pili ameukunja nyuma kama mtu anayepumzisha kisigino, na nilimjua kwa kusimama huko kabla sijauona uso. Miaka mingapi! Nilidhani amekufa Diaca. Furaha ilinitoka mdomoni kabla ya sheria yoyote.

"Mama Swalehe!" nikaita. "U hai, dada yangu? Swalehe hajambo?"

Hakugeuka. Mimi, badala ya kujiuliza kwa nini, nikadhani hakusikia. Kwetu kumpita mtu bila salamu ni tusi, na kumsalimu kwa sauti ndogo ni nusu ya tusi. Nikaongeza.

"Mama Swalehe wa Diaca! Mimi Mama Rukia, wa hospitali ya Mocímboa!"

Akageuka polepole. "Umenifananisha, mama," akasema. "Mimi Mama Zainabu."

Nyuma yake alikuwa Bi Anchia, mke wa shefe wa bairo. Bi Anchia ulimi wake hutangulia kufika bombani, ndoo inafuata.

"Ee, kumbe!" akasema. "Mwaka mzima tunakaa na wewe tukijua Zainabu ndiye kifungua mimba, kumbe una dume umetuficha? Umemweka wapi, sandukuni? Tuletee basi, mimi nina mabinti watatu hapa."

Wanawake wakacheka.

"Nimesema kanifananisha."

"Na Diaca je, nayo imekufananisha? Si wewe mwenyewe uliniambia ni mtu wa Diaca?"

Ndoo ya mwanamke yule ilikuwa imejaa, maji yanafurika na kumwagika miguuni pake, na bado alikuwa anapampu. Hapo ndipo nilipoelewa. Mama hafuti jina la kifungua mimba wake kwa sababu ndogo.

"Samahani, mama," nikasema. "Macho yangu siku hizi."

"Macho yamekosea uso, jina na mji kwa pamoja," akasema Bi Anchia. "Nenda hospitali, Mama Rukia. Aa, nilisahau, ndiko unakokaa."

Nilimweleza Ernesto kila neno, kama alivyonifundisha. Aliuliza swali moja: wangapi walisikia?

"Wanane."

"Wanane ni mji," akasema. "Usiende kwake. Ukionekana mlangoni kwake, utakuwa umeuthibitisha uongo wake kuwa uongo. Subiri."

Kaderno langu la miaka yote halikumtaja mtu hata mmoja. Mdomo wangu ulimtaja mtu mbele ya mke wa shefe, mara mbili, na mara ya pili kwa anwani. Wiki ile pikipiki ikisimama karibu na kituo, najua ni askari wamekuja kuniuliza ni nani huyo Swalehe. Maswali yangu matatu nilijiuliza mwenyewe, na majibu yote yalikuwa mabaya.

Jumatatu iliyofuata mwanamke yule alikuja. Alikaa kwenye benchi pamoja na wengine, akasema ana maumivu ya kichwa. Zamu yake ilipofika nikafunga mlango. Ernesto akasogea dirishani, akatupa mgongo ili tuzungumze.

"Umeniua, Mama Rukia," akasema, bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa.

Swalehe alichukuliwa shambani akiwa na miaka kumi na minne. Alikaa na wale miaka mitatu. Miezi minne kabla ya siku ile ya bombani alikuwa ametokea nyumbani, jinsi alivyofika sitaandika, na tangu hapo alikuwa kwenye chumba cha nyuma ambacho majirani walijua ni stoo ya mahindi. Hasemi neno. Hatoki. Vidonge hajavitia kinywani kwa miaka mitatu, na anaanguka mara mbili kwa wiki.

"Na baada ya bombani?" nikauliza.

"Siku ileile Bi Anchia akaja, na wenzake wawili. Wakakaa. Nitasema nini? Nikawaambia ndiyo, nilikuwa na Swalehe, Swalehe amekufa. Wale walimuua. Ndiyo maana sitaki kuitwa jina lake. Wakalia, Mama Rukia. Nilidhani watauliza kaburi liko wapi, wakalia. Bi Anchia alilia kuliko wote. Akasema, mwanangu, umekaa na msiba huu peke yako, mtoto hajasomewa hata hitima? Nikasema sina uwezo. Akasema mchele tutachanga sisi, mwalimu tutamwita sisi, Ijumaa ya wiki ijayo tunamsomea."

"Ukakubali?"

"Mama gani anakataa hitima ya mwanawe? Nikikataa, watajua yu hai. Nikikubali, ninamzika mzima, na yeye yuko nyuma ya mlango anasikiliza."

Ernesto aligeuka. Hakuwa ameelewa maneno, nikamtafsiria yote, sikupunguza. Akafungua fisha mpya, kadi ya mgonjwa, akaandika namba, pa jina akaacha wazi, akanipa vidonge. Aliniambia nimweleze mama ukweli: dawa hii haifanyi haraka. Jumatatu mpaka Ijumaa ni siku nne. Yawezekana isimshike vizuri kabla ya hapo. Kumhamisha mchana hakukuwezekana, na usiku kulikuwa na doria.

"Basi na wewe uje Ijumaa," akaniambia Mama Zainabu. Kuanzia hapo nilimwita hivyo, hata moyoni. "Wewe ndiye uliyeniletea."

Nilikwenda. Baada ya swala ya Ijumaa wanaume walikaa mbele juu ya mikeka, mwalimu wa madrasa katikati, juzuu zimegawanywa. Wanawake tulikuwa uani kwenye masufuria. Mlango wa stoo ulifunguka kwenye ua uleule, hatua tano kutoka mekoni, umening'inizwa kanga. Zainabu, mwenye miaka kumi, alikuwa ndani na kaka yake. Mama alisema kwa watu kwamba binti ana homa amelala. Mimi nilichukua kigoda nikakaa nimeupa mlango mgongo, nikachambua mchele ambao tayari ulikuwa umechambuliwa.

Mbele walikuwa wanasoma. Bi Anchia alikuwa anakoroga mchuzi na kutoa amri. "Mama Rukia, mchele huo utaisha kwa kuchaguliwa. Unatafuta nini mle, lulu?"

Ndipo niliposikia. Visigino juu ya sakafu ya udongo. Kwanza mara moja, kama kitu kimeanguka. Kisha kwa mfululizo, tu-tu-tu-tu, haraka, bila kupumzika. Sauti ile naijua kuliko sauti ya jina langu.

Wanawake wakaacha kufanya walilokuwa wakifanya. Mmoja akasema, "Kuna nini mle?"

Mama Zainabu alikuwa amesimama na sinia mikononi. Uso wake haukuwa na kitu. Nilijua nahitaji uongo mmoja, mdogo tu, sasa hivi, na mimi niliyesoma mabango yote ya ukutani sikuwa nao. Mbele ya nyumba mwalimu aliendelea kusoma. Kati ya mikeka ile na stoo palikuwa na ukuta mmoja wa miti na udongo, na shefe mwenyewe alikuwa amekaa upande wa pili wa ukuta huo.

Bi Anchia hakuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Ni yule kuku," akasema. "Nilimwambia Zainabu amfunge miguu sawasawa, watoto wa siku hizi wanafunga kama wanabembeleza. Sasa anatupigia ngoma kwenye hitima. Mama Rukia, uko karibu, ingia ukamalize kazi."

"Bi Anchia na kuku wake!" akasema mmoja, wakacheka, na vizio vya nazi vikarudi kwenye mbuzi ya kukunia.

Hapakuwa na kuku. Wote watatu tulijua: yeye, mimi na mama.

Niliingia. Zainabu alikuwa amepiga magoti anajaribu kumtia kaka yake kijiko katikati ya meno, kama watu wengi wanavyofanya. Nikamnyang'anya kijiko. Hili ninalisema tena kwenu, ingawa mmelisikia mara mia: usitie kitu kinywani. Nilimlaza kwa ubavu, nikakunja kanga chini ya kichwa, nikasogeza gunia lililokuwa karibu na paji la uso wake, kisha nikatazama saa. Alikuwa kijana mrefu. Mkono wenye kovu la moto ulikuwa uleule, umekua. Dakika moja. Dakika mbili. Dakika mbili na nusu ikaachia, akavuta pumzi ndefu, macho yakafunguka bila kuona mtu.

Nje mwalimu alikuwa amefika kwenye dua. Ukuta ule haukuzuia neno. Tulimsikia akimwombea marehemu Swalehe, mwana wa fulani, apanuliwe kaburi lake, asamehewe, na watu wote wakaitikia.

Midomo ya kijana ikatikisika. "Amin," akasema.

Zainabu alinishika mkono kwa nguvu. "Amesema!" akaninong'oneza, anacheka na machozi yanamtoka. "Mama Rukia, amesema!" Lilikuwa neno lake la kwanza katika miezi minne. Mtoto alikuwa amesikia sauti tu ya kaka yake. Kwamba kaka ameitikia dua ya kifo chake mwenyewe, hakulitambua.

Hakuna kitabu kilichonifundisha cha kufanya hapo. Nilimwinamia sikioni nikamwambia mambo niliyoyajua kuwa ni kweli, moja moja, polepole. Leo ni Ijumaa. Uko Palma. Hapa ni nyumbani kwa mama yako. Mama yuko nje anapika. Umeanguka, na sasa kumekwisha. Wewe uko hai. Nikarudia hilo la mwisho mpaka akafumba macho akalala.

Watu walikula, wakatawanyika. Bi Anchia alibaki kugawa chakula cha kuiachia nyumba. Nyumba ile ilijulikana kuwa ya watu wawili. Akapakua sahani moja, akapakua ya pili, akazifunika. Kisha akapakua ya tatu, akaifunika nayo, akanawa mikono, akaenda zake bila kuaga.

Mtadhani hapo hofu iliisha. Ndipo ilipoanza upya. Kabla ya Ijumaa siri ile ilikuwa na hatari ya kugunduliwa. Sasa ilikuwa kwa mtu anayejulikana, mwenye mdomo, anayelala nyumba moja na mwenye orodha. Vidonge vilianza kushika. Kuanguka kukawa mara moja kwa wiki, kisha wiki mbili zikapita bila kuanguka. Kijana akaanza kusema maneno mawili matatu kwa siku, hasa na Zainabu. Mama yake, badala ya kutulia, alikuwa anakonda.

"Ananiletea samaki," aliniambia pale chumbani kwetu. "Kila siku ya pili, samaki. Hasemi kitu. Afadhali angesema, nijue bei yake."

"Labda hana bei."

"Labda. Wewe ungelala juu ya labda?"

Wiki ya tano baada ya hitima akaja kusema wanaondoka. Sikuuliza wanakwenda wapi, wala yeye hakutaja. Ernesto alitia saini vidonge vya miezi mitatu, ambavyo ndivyo vyote tulivyoweza kumpa. Mama hajui kusoma, kwa hiyo nilichana nusu ukurasa wa kaderno, nikachora jua na kidonge kimoja chini yake, mwezi na vidonge viwili chini yake, na upande wa nyuma nikaandika kwa Kireno jina la dawa, kipimo, na kwamba isikatishwe ghafla. Jina la mtu sikuandika. Siku mbili baadaye nyumba ilikuwa tupu.

Ilipita wiki moja ndipo nilipokutana na Bi Anchia bombani. Safari hii nilisubiri anianze.

"Umewapeleka wapi?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo.

"Sijui. Wallahi sijui, Bi Anchia."

"Kumbe mlikuwa mnaniogopa mimi."

Nilifikiri niseme hapana. Alikuwa ametuokoa sote watatu kwa kuku asiyekuwepo. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo, wake na wangu.

"Ndiyo," nikasema. "Tulikuwa tunakuogopa."

Akaweka ndoo chini ya bomba, akaanza kupampu. Nilidhani amekasirika, na kwamba sasa nimeongeza kosa juu ya kosa.

"Mume wangu aliniuliza mara mbili," akasema hatimaye. "Mara ya kwanza, kuku gani. Nikamjibu. Mara ya pili, mbona nyumba ile napeleka samaki wengi. Nikamjibu. Angeniuliza ya tatu, Mama Rukia, sijui ningejibu nini. Mlifanya vizuri."

Akajitwika, akaondoka.

Vidonge vilikuwa vya miezi mitatu. Ninapoandika haya ni mwezi wa tano tangu waondoke. Ernesto ananiambia kuna vituo vingine, huku na ng'ambo ya mto wa mpakani, na mama yule si mjinga. Najua. Lakini najua pia kinachoweza kumpata mtu wa kifafa dawa inapokatika, na mlikwisha kukisoma, sitakirudia hapa.

Kwa hiyo nina ombi, na ndilo hasa lililonikalisha kuandika. Mmetawanyika vituo vingi. Akitokea mtu, awe mwanamume au mwanamke, ameshika nusu ukurasa wa kaderno wenye jua na mwezi, na nyuma kuna mwandiko wangu ambao nyote mmeucheka, msimuulize anaitwa nani wala ametoka wapi. Mwanamke aliye naye msimtafutie jina la kumwita. Semeni "karibu, mama", mpeni maji, na vidonge mpeni kwanza kabla ya swali lolote. Fisha fungueni kwa namba. Kisha nitumieni ujumbe wa neno moja tu, "amefika", bila jina. Simu yangu siizimi siku hizi, hata ninaposali.